Tulipokuwa Wenye Dunia

Kwa miaka mitatu nilifundisha kompyuta katika chuo kidogo huko Buruburu, Nairobi, orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Nasema chuo kwa sababu ndivyo kibao cha nje kilivyodai. Kwa kweli kilikuwa chumba kimoja chenye mashine saba, tano kati yazo zikifanya kazi, na kila mashine ilikuwa na kitambaa chake cha kuifunika, maana mama mwenye chuo aliliogopa vumbi kuliko alivyowaogopa wezi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kompyuta nilikuwa nimezisomea miezi tisa tu, na siku zile miezi tisa ilitosha kumfanya mtu aitwe mwalimu.

Ninayetaka kueleza habari zake alikuwa mwanafunzi wangu wa Jumamosi. Alinizidi miaka kumi au zaidi. Alifanya kazi katika kiwanda cha blanketi, kwa zamu, na alitaka kutoka kwenye mitambo aende stoo akawe karani. Kwao ni magharibi ya nchi. Kanisani aliimba sauti ya nne, na hata akizungumza ulisikia kwamba ile sauti ilianzia chini sana, kama kitu kinachoburutwa sakafuni. Vidole vyake vilikuwa vinene. Alipobonyeza herufi moja zilitokea mbili, naye angecheka, afute, aanze upya. Aliniita Mwalimu, nami nikamwita kaka.

Tuliishi korti moja. Korti ni nyumba kadhaa zinazotazamana, zenye geti moja na uwanja mmoja wa nyasi katikati. Sisi tulikuwa na nyumba nzima, kwa sababu baba alikuwa dereva wa wizara kwa miaka mingi na alinunua mapema. Kaka, mkewe na binti zao wawili walipanga chumba cha nyuma cha jirani yetu, vile vyumba vilivyojengewa watumishi, ambavyo Buruburu nzima huviita SQ. Jioni, ukuta kwa ukuta, nilimsikia akifanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili.

Mchezo uliletwa na fundi wetu, kijana mcheshi aliyekuja kila wiki kufufua mashine zilizokufa. Ulikuwa kwenye disketi nne. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Ulihusu nyakati zijazo, binadamu wakiwa wamesambaa kwenye nyota za mbali, na huko wamekuta viumbe wengine wenye miji yao, dini zao na ugomvi wao. Kila mchezaji alichagua jamii moja akaiongoza. Tulicheza kwa zamu kwenye mashine moja, mmoja akimaliza anasogeza kiti, mwingine anaingia. Masomo ya Jumamosi yaliisha saa saba, na mama mwenye chuo alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa hadi saa kumi. Hizo saa tatu zilikuwa zetu sisi watatu.

Fundi alichagua wafanyabiashara siku zote. Kaka alichagua viumbe wa majini wenye ngozi kama ya samaki, ambao tuliwaita Magamba. Mimi nilichagua kundi la binadamu ambalo kwa Kiswahili chetu tuliliita Wenye Dunia.

Wenye Dunia walikuwa na sheria moja: binadamu kwanza. Hawakufunga mkataba na yeyote asiye binadamu. Hawakumruhusu kiumbe mwingine kuishi katika mji wao, hata kama alizaliwa pale. Walipoteka sayari yenye watu wengine, mchezo uliwauliza wafanye nini, na kulikuwa na kitufe kimoja ambacho makundi mengine hayakuwa nacho. Sisi tulikiita Safisha. Ukikibonyeza, idadi ya wakazi inashuka hadi sifuri, na zamu inayofuata wanaanza kuhesabiwa watu wako. Hakukuwa na damu wala kelele. Namba moja ilishuka na nyingine ikapanda.

Nilishinda sana. Wenzangu walipoteza zamu wakijadiliana, wakipeleka zawadi, wakituliza raia waliochanganyika. Mimi sikuwa na wa kumtuliza.

Jumamosi moja nilisafisha sayari tatu za kaka, moja baada ya nyingine. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Hawa wamekukosea nini, Mwalimu?"

"Hawajanikosea. Watanikosea."

"Umejuaje?"

"Si unasoma pale mwanzo. Waliichoma Dunia."

"Waliochoma Dunia ni wale wenye mabawa," alisema. "Magamba walikuwa hawajakutana na binadamu hata mara moja. Imeandikwa palepale."

Nilirudi kusoma. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyasoma maneno ya utangulizi mbiombio nikaona moto, nikaona Dunia, yakanitosha.

"Kaka," fundi akasema, "hakuna mtu ndani ya hiyo skrini."

"Najua hakuna. Naongea na huyu aliye nje."

Tulicheka wote, naye pia. Lakini wiki iliyofuata aliomba aongoze Wenye Dunia yeye. Alitaka kuona kama wanaweza kutawaliwa na mtu mwema. Alipeleka mabalozi kwa Magamba, akafungua bandari zake, akakataa kubonyeza Safisha. Mchezo ulimwadhibu. Raia wake walinung'unika, majeshi yakaasi, na kwenye zamu ya kumi na moja maneno yakatokea kumwambia kwamba ameondolewa madarakani na watu wake mwenyewe.

"Kumbe hata mkubwa wao hana ruhusa ya kuwa mwema," alisema akisogeza kiti.

"Umeona sasa," nilimwambia. "Mchezo ndio ulivyo."

"Aliyetunga sheria ana lake la kujibu. Lakini kidole kilichobonyeza ni cha mwenyewe."

Nikamjibu kwa maneno niliyoyasikia mezani kwetu. "Kila mtu huanza na wake. Hata wewe ungeanza na wako."

"Mimi naanza na wangu kila jioni nikigawa ugali," alisema. "Lakini sijawahi kumnyang'anya jirani sufuria ili wangu washibe."

Nikamwambia zamu yake imeisha.

Hayo maneno ya mezani yalikuwa na historia yake. Sisi ni watu wa mashariki. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa mchongaji wa vinyago, na kwa miaka mingi alikuwa na kibanda katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, akiuza twiga na vifaru kwa watalii. Miaka ya tisini ilipoanza, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, vijana wa pale walipita wakiwaambia watu wasio wa kabila lao waondoke. Neno walilotumia lilikuwa madoadoa. Mtu aliyeishi pale miaka kumi na minane akawa doa. Kibanda kilichomwa, naye akatufikia na sanduku moja na tezo moja. Aliishi nasi tangu hapo, akichongea kwenye SQ yetu. Hakupenda kuizungumzia safari ile. Ni baba aliyeizungumzia. Kila uchaguzi ulipotajwa kwenye redio, baba alisema, "Sisi tulilala. Safari hii hatulali."

Waliomfukuza baba mdogo hawakuwa watu wa magharibi. Hawakuwa hata wa lugha inayofanana na ya kaka, jirani yetu wa ukuta wa pili. Kila mtu mezani alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Uchaguzi wa pili ulipokaribia, uvumi uliingia mtaani kama kunguni, huoni walikopitia. Watu walisema kwamba kuna makabila yanayoletwa Eastlands, upande wetu huu wa Nairobi, kwa makundi ili kupiga kura, halafu wabaki wachukue nyumba. Ilisemwa kwamba SQ zimejaa. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya korti. Kamati ilikaa sebuleni kwetu Jumatano jioni, nikawapelekea chai, na kesho yake asubuhi baba alinipa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono.

"Nipigie chapa hii vizuri huko kazini," alisema. "Ni ya usalama."

Ilikuwa orodha ya wapangaji wote wa SQ. Namba ya nyumba, jina, idadi ya watu, asili, maoni. Safu ya asili ndiyo iliyojazwa kwa ukamilifu kuliko zote.

Niliipiga siku hiyo chuoni, asubuhi, kabla ya wanafunzi kufika. Ningependa kusema kwamba mkono ulisita. Haukusita. Niliona orodha mbaya inayohitaji kunyooshwa. Nikachora mistari, nikaweka vichwa kwa herufi kubwa, nikapanga majina kwa namba za nyumba. Nilifika kwenye jina la kaka. Baba alikuwa ameandika watu wanne.

Mimi nilijua si wanne. Wiki mbili nyuma kaka aliniomba radhi kwa kuchelewa, akanieleza kwamba binamu zake wawili wameachishwa kazi, wamekuja kwake, wanalala sakafuni, na asubuhi lazima asubiri zamu ya bafu. Aliniambia kama mtu anavyomwambia mwalimu wake, na akaniomba nisimtajie mama mwenye nyumba. Nilimwahidi.

Nikafuta nne, nikaandika sita. Kwenye maoni nikaandika: hukaribisha wageni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikumchukia. Nilimpenda, kama unavyompenda mtu anayekuchekesha Jumamosi. Jibu la karibu zaidi ninaloweza kulipata ni kwamba nilitaka orodha iwe sahihi. Baba alinisifu kwa usahihi tangu nikiwa mdogo. Na pengine, baada ya miezi ya kuangalia namba zikipanda na kushuka, macho yangu yalikuwa yamezoea kuziona namba peke yake. Sisemi mchezo ulinifanya hivyo. Kaka alikuwa ameshasema kidole ni cha nani.

Nilimpelekea baba nakala mbili. Akazitazama, akafika kwenye ule mstari, akaninyanyulia macho.

"Sita? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Unaona sasa," alisema, si kwangu, bali kwa chumba.

Ilikuwa Jumapili, siku kumi baadaye, kama saa sita mchana. Mimi sikuwa nimeenda kanisani, nilikuwa na mafua. Nilisikia vishindo nyuma nikapanda juu kwenye dirisha la chumba changu. Vijana wanne ambao sikuwajua walikuwa wanatoa vitu kwenye SQ ya jirani na kuvileta mbele, kwenye nyasi za korti. Hawakuwa na haraka. Kitanda kikatoka vipande vipande. Godoro, sufuria, ndoo, jiko la mafuta, joho la kwaya likiwa bado kwenye hanga. Soja wa geti alikuwa ameketi kwenye kiti chake akiangalia upande mwingine. Baba alikuwa amesimama karibu naye, mikono nyuma.

Mapazia ya nyumba zote yalikuwa yanatikisika kidogo, na hakuna mlango uliofunguliwa.

Kaka, mkewe na binti zao walirudi kutoka kanisani wakakuta maisha yao yako nje; wale binamu sikuwaona. Mke wake hakupiga kelele. Alimpa mumewe Biblia amshikie, akafunga leso kiunoni, akaanza kukunja nguo. Binti zao walikaa juu ya godoro. Yeye alimwendea baba, nikaona wakizungumza. Baba alikuwa na ile karatasi mfukoni, akaitoa, akamwonyesha kwa kidole bila kumpa aishike. Kisha akairudisha.

Kaka aligeuka, akaangalia nyumba moja moja, kama mtu anayetafuta mlango wa kubisha. Akaniona dirishani. Aliinua mkono akanipungia. Alidhani ana mtu mmoja pale.

Sikuinua wangu. Nilirudi nyuma hatua moja, ndani ya kivuli cha chumba.

Nilipochungulia tena, baba mdogo alikuwa uwanjani. Alikuwa ametoka na aproni yake ya kazi, vumbi la mbao kichwani. Alipita mbele ya baba bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwenye kile kitanda, akaanza kukifunga mbao kwa kamba. Baba alimwita kwa lugha ya nyumbani. Hakugeuka. Baba akamwita tena, kwa jina, kwa sauti ya mkubwa.

"Rudi ndani. Hii kazi inafanywa kwa ajili yako."

Baba mdogo alikaza fundo kwanza.

"Mimi nilitolewa hivihivi," alisema. "Mchana, Jumapili. Nilikaa kwenye godoro langu barabarani nikingoja mtu mmoja wa pale aje anishike hata ndoo. Nimengoja tangu hapo. Usiniambie ni kwa ajili yangu."

Alitoka getini akaita mkokoteni. Walipakia pamoja, yeye na kaka, na mara ya mwisho nilipowaona baba mdogo alikuwa anasukuma kwa nyuma, na mke wa kaka anatembea kando ameshika joho la kwaya lisiburutike.

Baba mdogo alirudi jioni, akala, akaenda kulala. Siku ya tatu alifunga vyombo vyake na kuhamia chumba cha mabati Mathare, karibu na wachongaji wengine. Baba alimwambia anakwenda kuishi kwenye matope kwa sababu ya watu wasiomhusu. Alipoaga alipita jikoni nilipokuwa naosha vyombo.

"Nani aliipiga ile karatasi?" aliniuliza.

"Mimi, baba mdogo."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ilikuwa safi sana," alisema. "Niliiona ikiwa mezani. Nikajua ni mkono wako."

Angenigombeza ningepumua.

Jumamosi kaka alikuja darasani. Sikumtarajia. Ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho, na yeye alikuwa ameshavuka miezi sita ya kuchapa herufi mbilimbili hadi kuchapa moja. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alinisalimu, "Sasa, Mwalimu," akaketi kwenye mashine yake. Wengine walianza. Mtihani ulikuwa kuandika barua ya kuomba kazi, kuihifadhi na kuichapisha.

Tulikuwa na disketi za chuo ambazo kila mtu alizitumia. Nilimpa moja bila kutazama. Baada ya muda niliona hachapi. Nilidhani amekwama, nikaenda, nikainama juu ya bega lake. Kwenye skrini ilikuwa ile orodha. Nilikuwa nimeihifadhi palepale nikaisahau. Kishale kilikuwa kinawakawaka kwenye mstari wake.

Hakunyanyua sauti. Wenzake hawakujua kwamba tunazungumza jambo lolote zaidi ya mtihani.

"Baba yako alinionyesha karatasi," alisema. "Nikasema, huyu mzee amehesabu kutoka wapi? Mke wangu akasema pengine soja. Soja huwa hayupo asubuhi, binamu zangu wakingoja bafu. Mwalimu, nani alikwambia sita?"

"Baba aliniagiza niipige."

"Aliandika sita?"

Vibodi vya wengine vilikuwa vinalia pande zote. Nilikuwa na jibu la uongo mdomoni, tayari, dogo tu, na nikaona kwamba nikilitoa atalikubali, kwa sababu alitaka kulikubali.

"Aliandika wanne," nilisema.

Hilo ndilo jambo pekee la siku zile ambalo silijutii, na halikumsaidia yeyote.

Aliitazama skrini. Kisha akaifunga orodha, akafungua ukurasa mtupu, akaandika barua yake. Aliandika polepole na hakukosea herufi hata moja. Akaihifadhi, akaichapisha, akaweka karatasi mezani kwangu pamoja na za wengine. Akarudi kwenye mashine, akaizima, akaifunika kwa kitambaa chake na kukinyoosha pembe zote nne. Kisha akaondoka.

Saa saba fundi alikuja kama kawaida. "Niaje, leo tuko wawili?" Nikamwambia ndiyo. Tulicheza. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikaa, nikachagua Wenye Dunia, nikacheza hadi saa tisa unusu. Magamba walikuwa wanaongozwa na mashine siku hiyo. Sikumbuki nani alishinda. Jumamosi iliyofuata nilimwambia fundi auondoe kwenye mashine, nikasingizia mama mwenye chuo. Alinisihi, akasema ni mchezo tu, nami nikamwambia najua.

Uchaguzi ulifika ukapita. Mtaani kwetu watu walipanga foleni, wakanyeshewa, wakapiga kura, wakarudi kupika. Hakuna kundi lililokuja kuchukua nyumba za mtu. SQ ya jirani ilikaa tupu miezi mitatu, mama mwenye nyumba akilalamika, halafu ikapangwa na mwanafunzi mmoja wa uuguzi, naye pia kwao ni magharibi. Kamati haikusema kitu. Baba alimsalimia kila asubuhi kwa adabu kabisa. Ile hofu yote ilikuwa imekwisha kama homa, na walioumwa nayo hawakukumbuka walichosema walipokuwa wameshikwa.

Vyeti vilitoka Machi. Cha kaka kilibaki kwenye droo yangu. Nilikwenda kwenye geti la kiwanda cha blanketi mara mbili, zamu hazikulingana. Mwishowe mlinzi mmoja aliniambia kwamba amehamia Njiru. Wakati huo Njiru ilikuwa mbali kwelikweli, nyumba moja hapa, mahindi ya mtu, nyumba nyingine kule. Nilitembea nikiuliza mwanakwaya wa sauti nzito, na watoto wakanipeleka.

Nilimkuta mkewe anafua. Nyumba ilikuwa ya mabati, vyumba viwili, na mbele wameanza msingi wa mawe. Nilijitambulisha, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Alifuta mikono, akanishika mkono kwa yake yote miwili.

"Mwalimu! Karibu, karibu ndani. Amekwenda zamu, angefurahi."

Alinipikia chai ya maziwa. Alinionyesha walivyoanza kupanda sukuma wiki. Alisema hewa ni nzuri, wasichana hawakohoi tena. Alikipokea cheti, akakisoma kwa sauti neno kwa neno, akakiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni. Ndipo nilipoelewa. Hakujua. Miezi yote ile mumewe hakuwa amemwambia.

"Yeye husema ulimfundisha vizuri," alisema. "Wale watu wa korti walitutenda, lakini tunasema angalau tulikuwa na Mwalimu."

Nilikuwa nimekwenda pale niseme. Maneno nilikuwa nayo, niliyafanyia mazoezi njia nzima. Nikanywa chai yake. Akaniongezea, nikanywa tena. Niliambia nafsi yangu kwamba nikisema nitakuwa namvunjia mumewe siri yake, na hiyo ilikuwa sababu nzuri sana, nzuri kiasi kwamba mpaka leo siiamini.

Alinisindikiza hadi barabarani kama desturi inavyotaka. "Msalimie mzee," alisema, na alimaanisha baba yangu.

Mwaka huohuo nilimwandikia kaka barua, kwa mkono, kurasa mbili. Sikumweleza kuhusu baba wala hofu ya baba wala kibanda kilichochomwa. Niliandika nilichofanya, kwa mpangilio wa siku. Niliandika kwamba aliniomba nisiseme nami nikasema. Baba mdogo alikuwa bado anawatembelea Njiru, alikuwa amewachongea binti zao kiti kidogo chenye mgongo, kwa hiyo nilimpelekea barua yeye Mathare aifikishe.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Nilimkuta amekaa kwenye gogo mlangoni, kifaru kikiwa katikati ya magoti, anakilainisha kwa msasa.

"Ulimpa?"

"Nilimpa mkononi."

"Akasema nini?"

Alipuliza vumbi kwenye pembe ya kifaru, akakigeuza upande wa pili.

"Amesema amesoma."

"Basi?"

"Basi."

Nikasimama pale kidogo. Kisha akanisogezea gogo jingine kwa mguu, akanipa kipande cha msasa na kifaru kidogo ambacho hakijamalizwa, nikakaa nikaanza kusugua.